Shangazi Alivyoikalia Ramani

Mimi kuchora ramani nilijifunza kwenye simu. Cheti sina, ila nyumba niliyomchorea mzee mmoja kule Ntalikwa ukiiona utasema ni kazi ya mtu wa chuo. Kwa hiyo soko letu lilipoungua, akaja dada mmoja msanifu majengo kutoka Dar kulichora upya, alipotandaza karatasi yake chini mimi ndiye wa kwanza kuinama. Na mimi ndiye wa kwanza kuona: pale shangazi yangu alipokuwa anauzia asali, pamechorwa njia.

Shangazi ndiye kanilea. Meza yake ilikuwa mbele kabisa, mtu akifika na baiskeli kutoka Ulyankulu anaanza na yeye. Kwenye karatasi kapelekwa nyuma, jirani na vyoo. Nani ataifuata asali chooni?

Nikawaka. "We dada, umesoma mpaka wapi ndiyo unatupa watu chooni?"

Akanijibu taratibu: gari la zimamoto lilikosa pa kupita, ndiyo maana soko lote liliteketea. Ni kweli, nilikuwepo, nilisukuma meza mpaka mabega yakachubuka. Lakini nikishapandisha hasira, hata ukweli unaniudhi. Nikapiga teke sanduku lake la vifaa. Walinzi wakanitoa kama mwizi wa kuku.

Asubuhi yake shangazi akaenda sokoni mwenyewe, mimi nyuma nimenuna. Hakugomba.

"Shikamoo mama," yule dada akasema.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo kabisa."

Shangazi akacheka mpaka khanga ikamlegea. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu mababu zetu walipokuwa wanabeba pembe za ndovu kwenda pwani. Mtani unamtukana, unamnyang'anya kitu chake, na kukasirika haruhusiwi. Basi akajiachia na uzito wake wote, akakaa katikati ya ramani.

"Marahaba, mtani. Haya, niondoe."

Akina mama wa sokoni wakapiga vigelegele.

"Mama, unaichana!"

"Wazaramo mnachojua ni ngoma tu. Soko mtalijulia wapi?"

Yule dada akashika kiuno. "Na nyie mmezoea kubeba mizigo, mkiambiwa mpumzike mnakalia hata kazi za watu!"

Walicheka wote, hata walinzi. Shangazi akiwa bado amekaa, akasema kwa sauti ya chini, "Njia yako naitaka, mwanangu. Mali yangu iliungua naiangalia. Ila anayepita anione."

Dada akachuchumaa pembeni yake, akaangalia jivu la soko. Halafu akatoa penseli, akachora pale pale, karibu na goti la shangazi: njia ibaki, lakini meza za mbele zisirudi nyuma, zigawanywe pande mbili za njia, zitazamane.

"Sasa nenda ukakae pale pembeni ya njia, mama, kama unavyokaa ukiuza."

Shangazi akakaa na ndoo tupu alizokuja nazo. Dada akamzungushia mstari wa chokaa chini. Wengine wakapanga foleni wachorewe na wao. Mimi niliokota futi kamba yake ya kupimia bila kuambiwa, nikamshikia ncha mpaka adhuhuri. Kuomba msamaha kulinishinda, nadhani alielewa.

"Na miguu uichore, mtani," shangazi akasema. "Mimi siuzi nimeikunja."

Dada akafuta mstari, akausogeza mbele.