Dumu Nililomwaga Bafuni

Dumu lilikuwa na karatasi iliyobandikwa ubavuni. Nimesoma hadi kidato cha nne, kwa hivyo siwezi kusingizia kwamba sikuelewa. Paliandikwa jina la mke wa mwanangu, saa ya kuanza, na maneno haya: mkojo wa saa ishirini na nne, usimwagwe.

Nikaumwaga.

Mkwe wangu alikuwa mtu wa bara, nami sikuitaka ndoa ile. Mwanangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Alituachia mkewe hapa Mjambere akiwa na mimba ya miezi sita. Tuliishi kwa kuviziana. Asubuhi alinipita bila shikamoo, nami nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika, "Huyu hakufunzwa kwao." Miguu yake ilipovimba, nikasema ni uvivu.

Kliniki wakamkuta na presha, na kijikaratasi cha kupimia mkojo kikageuka rangi. Wakataka kujua protini inatoka kiasi gani kwa siku nzima, ndipo waamue kumlaza. Wakampa dumu. Akaliweka bafuni, kando ya pipa la maji ninayotawadhia.

Alasiri niliingia kutia udhu nikaliona limefika nusu. Najisi, karibu na maji yangu. Lakini wallahi haikuwa dini. Ningeweza kulisogeza kwa mguu. Nilitaka tu ajue nyumba ni ya nani.

Alinikuta ningali nimelishika.

"Baba, huo ni wa hospitali."

"Nyumba hii twaswali. Si choo cha kwenu bara."

"Mwaswali na roho hiyo?"

"Kojoa tena. Kwani umekwisha?"

Mke wangu akasema kutoka jikoni, "Mwanamume mzima wagombana na mkojo." Kisha akatokeza, akauona uso wa mkwe wetu, akarudi jikoni.

Kesho yake asubuhi mkwe wangu alianza upya, dumu likiwa chini ya kitanda chake na mlango umefungwa kwa ufunguo. Halikujaa. Adhuhuri alisema kichwa chapasuka na macho yaona nyota. Tulipofika hospitali alikuwa ameshashikwa na kifafa cha mimba. Wakampasua. Mtoto aliishi siku mbili.

Muuguzi alinieleza kwamba mimba hupandisha homoni, damu huongezeka, figo hufanya kazi zaidi, na protini kidogo kupotea si ajabu. Ikizidi na presha ikipanda, mama na mtoto wako hatarini. Nilimuuliza kama siku moja ingebadili kitu.

"Siwezi kukuambia, mzee. Lakini dumu lingefika maabara asubuhi ile, kabla ya kichwa kumuuma."

Mwanangu alirudi akiwalaani watu wa maabara kwa kuchelewa. Tulikuwa wodini sote wanne. Mkwe wangu alinitazama. Nikasema, "Poleni," nikatoka nje.

Nilikiri miezi mitatu baadaye, siku waliyokuwa wakifunga vitu vyao kuhamia Kiembeni. Nilisimama mlangoni nikasema kwamba maabara haikuwa na kosa, mkojo niliumwaga mimi. Mwanangu aliendelea kukaza kamba ya godoro. Mkwe wangu alikuwa akiviringishia glasi magazeti.

"Nilimwambia kwa simu siku ileile," akasema. "Kule wodini alikuwa akikungoja wewe useme."