Mwenye Nyumba Anapokea Simu

Tangazo la mashindano lilisema kila aliyetuma muswada atapigiwa simu, awe amechaguliwa au hakuchaguliwa. Mimi na simu hatujawahi kupatana. Ikinyamaza naikasirikia, ikilia naiogopa, na miezi ile ya kungoja nilikuwa nayo mkononi mpaka jikoni, nikikoroga sufuria kwa mkono wa kushoto.

Tuliouandika ule muswada tulikuwa wawili. Mwenzangu alikaa mlango wa pili kutoka kwangu, katika ploti moja ya Kitengela ambako ng'ombe hupita nyuma ya ua kila asubuhi kana kwamba hizi nyumba bado hazijajengwa. Kichekesho chetu kilihusu ploti kama hiyo hiyo: wapangaji wenye kelele, bomba lisilotoa kitu, na mwenye nyumba asiyeonekana ila kwa simu. Mpangaji akimpigia kulalamika, anajibu, "Maji yako njiani," kisha anamjulia hali mama yake, baba yake, nyanya yake, hadi mbuzi wa kwao, mpaka yule mpangaji anasahau alichopigia.

Hatukuandika kwa kukaa. Mwenzangu alizunguka tangi la maji akisema maneno ya watu wote, mzee, mtoto, askari wa lango, na mimi nikimfuata nyuma nikiandika kwa simu. Karibu na tangi alikuwepo jirani yetu wa chumba cha mwisho, mama asiye na muda wa upuuzi, akifua. Akiacha kusugua, mstari ulibaki. Akiendelea kusugua, niliufuta hapo hapo bila huruma, hata kama ulikuwa wangu, na mara nyingi ulikuwa wangu.

Niseme ukweli: kipaji kilikuwa chake. Mimi najua kukata na kupanga, lakini bila mdomo wake sina cha kukata. Ndiyo maana matokeo yale yalinikosesha raha kuliko yeye. Baba yake analima nyanya na vitunguu Illasit, na alikuwa amefungua duka la mbegu na dawa za mimea akimtaka binti yake alisimamie. Walikubaliana asubiri simu ya mashindano. Tukishinda, tungechukuliwa Nairobi kuandika vipindi vyote vya kichekesho chetu. Tukishindwa, angerudi nyumbani.

"Ikikataa, mimi naenda kuuzia watu dawa ya viwavi," aliniambia akicheka. Mimi sikucheka.

Kazi yangu iko Kajiado mjini, kwenye saiba, kupiga chapa na kutoa nakala. Siku hizo nilikuwa hasara tupu. Nilitoa nakala za vyeti vya watu zikiwa zimekatika vichwa. Nilimpiga mwalimu mmoja picha ya pasipoti huku naangalia simu, na akatoka amefumba macho. Mwenye saiba aliniuliza kama niko na mgonjwa nyumbani. Nilimwambia ndio, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Mwenzangu aliona ninavyoteseka, akaanzisha mchezo. Alikuwa akiazima simu ya yeyote, ya muuza mboga, ya fundi wa viatu, ananipigia kwa sauti ya karani: "Habari, napiga kutoka ofisi ya mashindano." Sheria ilikuwa moja. Anayepokea hajibu kama yeye, anajibu kama mtu wa muswada wetu, na atakayecheka kwanza ndiye anayebeba mitungi ya maji jioni. Na katika simu hizo tulishinda kila mara. Tulipewa gari, tukapewa shamba, siku moja tukaambiwa tutajengewa sanamu pale penye barabara ya Namanga, mwenzangu akiwa ameshika mtungi. Nilibeba maji mpaka mabega yakauma, lakini angalau nilianza kulala.

Siku yenyewe nilikuwa natolea mama mmoja wa Kimaasai nakala za karatasi za shamba. Mumewe, mzee mpole, alinisalimu, "Takwenya," nikamjibu, "Iko," na simu ikalia. Namba ngeni.

"Habari ya mchana. Napiga kutoka ofisi ya mashindano ya uandishi. Naongea na nani?"

Nilimvulia mwenzangu kofia kimoyomoyo. Safari hii alikuwa ameongeza mafua kidogo, na nyuma yake kulikuwa na watu wakiongea kama ofisini. Nikashusha sauti mpaka tumboni.

"Unaongea na mwenye nyumba," nikasema. "Maji yako njiani. Mama yako hajambo? Na nyanya yako, ile meno ilitoka?"

Kisha yule mwanamke akacheka, kicheko kifupi cha puani, na mimi nikafurahi sana kwa sababu jioni hiyo mitungi haikuwa yangu.

"Nyanya yangu hajambo," akasema. "Sasa, tunasikitika kuwajulisha kwamba muswada wenu ulifika hatua ya mwisho, lakini haukuchaguliwa."

Nilicheka. Sijui niliseme vipi hili. Nilicheka kwa sauti, mzee na mkewe wakaniangalia. Nilijiambia mwenzangu amekuwa mkali leo, amethubutu kutaja kushindwa, jambo ambalo hatujawahi kuligusa. Nikatoa simu sikioni nione ni namba ya nani aliyoazima, na hapo ndipo nikaona simu nyingine inaingia. Ilikuwa ya mwenzangu, kwa namba yake mwenyewe.

Sauti ya mwenye nyumba iliniishia.

"Asante," nikasema kwa sauti yangu.

"Pole, dada," yule mwanamke akasema, na mafua yalikuwa mafua kweli. "Sisi hapa ofisini tangu tuusome tunaambiana tu maji yako njiani."

Nilimpigia mwenzangu kabla sijapata muda wa kuogopa. Alianza kwa sauti ya karani, akaniambia tumepewa ndege. Nikamkatiza, nikamweleza yote.

"Ulimjibu kama mwenye nyumba?"

"Ndio."

"Na alicheka?"

"Alicheka."

"Wapi?"

"Kwa nyanya."

"Ile ya nyanya ni yangu," akasema. Kisha akasema wacha ampigie baba.

Aliondoka Jumamosi kwa lori linalorudi Illasit likiwa tupu baada ya kushusha nyanya Nairobi. Aliniachia mitungi yake. Alimuaga yule jirani kwa sauti ya mwenye nyumba, akamwambia akae salama, bomba litarekebishwa wiki ijayo, na yule mama aliacha kusugua. Hakuinua kichwa. Mimi nilijifanya nafunga turubai la lori.

Nilingoja tena, safari hii simu ya Illasit. Kila namba ngeni niliipokea kwa sauti ya tumboni. Watu wa benki walinikatia simu, fundi wa mashine ya chapa alidhani naumwa. Nilijua ni upumbavu, lakini nilitaka nipigiwe na karani niambiwe tumepewa meli.

Alipopiga alitumia namba yake. Alinisalimu kwa sauti yake ya kawaida, akaniuliza habari ya Kitengela, akasema mvua imenyesha na watu wanapanda, duka linajaa.

"Maji yako njiani," nikamwambia, kwa sauti ile ya chini. "Na nyanya yako?"

Nilimsikia akivuta pumzi kama anavyofanya kabla ya kubadilisha sauti. Nikatega sikio. Nyuma yake mtu aliuliza bei ya mbegu ya kabichi.

"Subiri kidogo," akasema. Sikujua ananiambia mimi au mteja, na simu ikakatika.