Mgeni Asiyefika

Daktari aliniambia nitembee, nikamjibu kwamba sina wakati. Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu waliokaa mikutanoni: nawasikiliza kwenye kompyuta kutwa nzima, vidole vikipiga, miguu ikifura chini ya meza. Katika mji huu ambao wageni huvuka bahari kuja kujifunza kukimbia, kununua mashine ya kutembelea ndani ya nyumba ni kujitafutia kicheko. Nikaamua kuinunua hivyo hivyo.

Nilizunguka maduka ya katikati ya mji nimenuna. Zile nyembamba, zisizo na kelele, zilinivutia macho, lakini kila nilipozikanyaga mkanda ulisita. Katika duka la mwisho mwenye duka alikuwa mzee Msomali mwenye mwili mkubwa, nikamwomba apande yeye. Akacheka, akavua makubazi, akapanda iliyokuwa nzito kuliko zote na kutembea huku akijibu simu. Sauti ya mota haikubadilika.

"Hii itakaa, madam," akasema. "Hizo zingine utaanikia nguo tu. Lakini iko na kishindo, nisikudanganye."

Kishindo sikukijali. Nilikuwa nimechoshwa na vitu vinavyokufa mapema.

Wakati huo nilikuwa nimemleta mama yangu kutoka kijijini kwetu Ziwa kuja kukaa nami mtaani Kimumu, kwa sababu macho yake yalikuwa yameishiwa nuru. Chumba chake kinapakana na changu. Siku ya kwanza nilitembea nikifanya kazi asubuhi yote, kisha nikampelekea chai na mkate. Hakugusa.

"Tungoje mgeni afike kwanza," akasema.

"Mgeni gani?"

"Si huyo anakuja. Nimemsikia tangu asubuhi."

Nilicheka. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye mashine, akaupapasa mkanda na kuniuliza inatumia stima kiasi gani. Alielewa vizuri, akili ya mama ni timamu kuliko yangu. Hata hivyo kesho yake chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Yeye hali chakula mgeni akiwa njiani, ndivyo alivyolelewa, na huyu alikuwa njiani kutwa.

"Mama, ni mimi natembea," nikamwambia.

"Wewe najua vile unatembea. Huyo ni baba yako. Anaburuta mguu wa kushoto."

"Baba alikufa."

"Na nani amekuambia sijui? Si tulimzika na wewe."

Nilirudi kwenye mashine, nikatembea nikisikiliza. Ni kweli, wa kushoto ulikuwa unaburuta. Sijawahi kuumia mguu maishani. Nikauinua juu makusudi, na kishindo kikaja vile vile, kizito kidogo, kama cha mtu aliyevaa gambuti. Nikaizima.

Mashine ikakaa kimya siku kadhaa, nikidhani mama atasahau. Badala yake alizidi kukonda. Alimeza maji tu, akaketi ameelekeza uso mlangoni, shuka likimning'inia mabegani.

"Mbona umemsimamisha njiani?" aliniuliza, bila ugomvi. "Huko nje kuna baridi."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Wafu sikuwaogopa; niliogopa kwamba mama angekufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula, mimi nikimtazama.

Basi nikaamua mgeni afike. Saa ya chakula cha mchana nilimwandalia ugali, mboga na maziwa yetu ya kugandisha, mursik, nikawasha mashine na kutembea kidogo. Nikaizima, nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba nikiburuta mguu kwenye kokoto. Nilijiona mjinga kabisa. Nikabisha mlango wa mbele, nikaingia.

Uso wa mama ukakunjuka.

"Umechelewa," akasema, akanawa mikono, akala. Alimaliza ugali, akanywa mursik, akaomba chai, nami nikamtilia na kurudi kusimama penye mlango, machozi ya furaha yakinitoka. Alipobakisha chai kidogo, alifunga kitambaa chake kichwani vizuri, akavitafuta viatu kwa miguu chini ya kiti.

"Sasa twende," akasema.

Nikashindwa kuendelea na mchezo. "Mama, ni mimi," nikamwambia. "Aliyeingia ni mimi peke yangu."

"Wewe nimekusikia ukizunguka nyumba," akanijibu. "Siongei na wewe. Mletee kiti, asingoje akiwa amesimama. Nikimaliza hii chai tunaenda."

Sikugeuka kutazama nyuma yangu. Nilichukua birika, nikamjazia kikombe mpaka juu, nikamwambia chai bado ina moto, anywe polepole.