Hatua Elfu Ishirini na Tatu

Fundi alishona sare za shule miaka ishirini na sita kwenye cherehani ya kukanyaga, na goti lake la kulia ndilo lililoumia. Lilifika mahali halikunjiki sawasawa wala halinyooki. Daktari akasema litapasuliwa, ila kwanza apunguze kilo kumi chini ya kocha wa kliniki. Akavalishwa saa ya mkononi. Saa yenyewe, jamani, mbea! Hatua zake, usingizi wake, mapigo ya moyo wake, yote yalimfikia kocha kabla hajavua viatu.

Kocha alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake.

"Shikamoo mama. Jana hatua mia saba tu? Unakaa kutwa nzima?"

"Marahaba, mwanangu. Sikai, nashona."

"Kushona si ndiyo kukaa?"

Angejulia wapi, hajawahi kukanyaga cherehani! Na kila Ijumaa aliweka orodha kwenye kundi la simu, watu arobaini wanasoma, Fundi wa mwisho, kando ya jina lake katuni ya uso ulionuna. Fundi alikula mboga za kuchemsha, akanywa chai kavu, kilo zikatoka kweli, na bado alikuwa mkia.

Mdogo wake, waliyeshona naye chumba kimoja, ndiye aliyeropoka: "Dada, kazi inafanya mguu, kinachohesabiwa mkono. Si uifunge mguuni?"

Akaifunga juu ya kifundo cha mguu. Hakuona kosa, jasho ni jasho. Kila alipokanyaga, saa ikahesabu hatua. Jioni zilikuwa elfu ishirini na tatu.

Kundi likalipuka kwa makofi. "Muoneni mama huyu!" kocha akaandika. "Nyie vijana hamna haya?"

Hapo ndipo Fundi alipopaswa kusema. Aliandika, "Mwanangu, saa nimeifunga..." kisha akafuta. Nani aliwahi kumpigia makofi maishani mwake? Marehemu mumewe alivaa mashati aliyomshonea hadi anazikwa, asante hakuisema. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi akanyamaza miezi mitatu.

Siku ya kupangiwa tarehe ya kupasuliwa alipanda mizani. Zilikuwa zimetoka kilo kumi na moja. Daktari akafungua ripoti ya kocha, akatabasamu.

"Hongera, mama. Lakini mtu anayetembea hatua elfu ishirini na tatu kila siku, goti tumpasulie nini? Wapo wasiofika hata chooni. Nafasi yako nimempa mwingine."

"Sitembei, daktari! Nakanyaga cherehani!" Akapandisha sketi, akamwonyesha saa ilipofungwa.

"Kila anayekosa tarehe huja na lake, mama." Akamgeukia kocha aliyesimama mlangoni. "Eti?"

Kocha alikuwa anaangalia viatu vyake. "Ripoti ndivyo inavyosema, daktari."

Nje, kwenye korido, Fundi alimshika mkono. "Mwanangu, kweli hukuona?"

"Niliona, mama. Hatua zote hizo na moyo haupandi hata siku moja. Lakini wewe ulinyamaza, na mimi wakubwa walikuwa wananisifu kwa ajili yako."

Fundi alitaka kumtukana. Tusi halikutoka, kwa sababu dhambi ile waliila sahani moja.

"Tutaomba upya," kocha akasema. "Kliniki hutaka miezi sita mingine ya hatua za kweli. Ivae mkononi, mama."

Fundi alishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta, anapumzika kila baada ya ngazi tatu. Kesho yake akarudi kwenye sare, saa mkononi, goti limefungwa kitambaa.

Ijumaa orodha ikatoka. Fundi, hatua mia sita, wa mwisho, na ule uso ulionuna kando ya jina lake. Kocha alikuwa ameuweka kama kawaida. Chini yake mtu akaandika: "Mama, sifa zimekulevya nini?"

Fundi aliisoma mara mbili. Halafu akaiweka simu kifudifudi juu ya vitambaa, akakanyaga.