Betri za Juani na Redio ya Babu

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa naikumbuka, mwanangu, kwa sababu mpira ulikuwa unaanza saa kumi, na Babu alikuwa ameshavaa kofia yake kana kwamba anakwenda uwanjani, ndipo redio yake ikafia mikononi mwangu.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu wakati mimi mwenyewe niko kidato cha tatu na wewe hujazaliwa. Nakuandikia wewe kwa sababu walio hai nawaonea haya. Na ninavyojijua, siku ukinirithi haya hizi utanichosha kama ninavyojichosha mwenyewe, kwa hiyo ni bora nianze kukukaripia mapema.

Babu yako mkuu alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na sasa mikono yake inatetemeka. Redio yake ni ya zamani, ya betri kubwa sita, yenye volyumu ya kuzungusha. Akiigusa kidogo inanong'ona, akiigusa tena inanguruma mpaka kijiji chetu kizima cha Mabwerebwere kinajua bei ya mahindi. Bibi alikuwa anamfokea kila siku. Mwishowe Babu akaipandisha redio juu ya kabati, akasema hana haja nayo. Akawa anakaa barazani, kimya. Ukimya wa mtu aliyezoea treni ni mzito, asikudanganye mtu.

Mimi nikajitia ufundi. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amenipa chipu mbili ndogo zinazoitwa potenshiometa za kidijitali. Kwa maneno rahisi, ni volyumu ileile, ila haina cha kuzungusha. Unaiamuru kwa bodi ndogo ya kompyuta, nayo inapanda au inashuka ngazi mojamoja, na ngazi zake ni mia mbili hamsini na sita. Nikaona nitampa Babu vitufe viwili vikubwa, cha juu na cha chini, atetemeke anavyotaka. Nikaandika programu ianzie sauti ya chini kila redio ikiwashwa, maana chipu ile ikizimwa husahau ilikofika. Hilo nililijua. Na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: lile gumu nililijua.

Karatasi ya maelezo ilisema chipu isipewe zaidi ya volti tano na nusu. Nikachukua mita, nikapima betri za redio. Zote sita kwa pamoja, volti nne nukta tisa. Nikaona mambo safi, nikaiunganisha chipu moja kwa moja na betri. Wiki nzima ikafanya kazi, ingawa redio yenyewe ilikuwa na sauti ya mgonjwa. Babu akawa anabonyeza juu, chini, juu, kama mtoto. Bibi akasema miaka yote hiyo mzee amezungusha kwa mkono, leo anatafutiwa kompyuta. Lakini alikuwa anacheka.

Sasa sikia upumbavu wangu. Kila nilipofagia uwanja nilizipita betri zile zimeanikwa juani, pembeni ya mihogo. Hapa kwetu betri ikichoka huanikwa, ikapata uhai kidogo, ikarudishwa kazini. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nazigeuza zipate jua pande zote. Sikujiuliza kitu.

Jumamosi hiyo shangazi Zuhura, anayeuza chipsi Mikumi, alikuja kututembelea akamletea baba yake betri mpya sita kwa ajili ya mpira. Babu akazitia mwenyewe, moja baada ya nyingine, kisha akanipa heshima ya kuwasha. Ikatoka harufu kama ya plastiki na nywele zikiungua. Halafu kimya.

Betri mpya moja ni volti moja na nusu; sita ni volti tisa. Hata wa darasa la saba anajumlisha.

Shangazi akasema kama sayansi ndiyo hiyo, bora chipsi zake, zikiungua zinaliwa. Mimi nikasema chipu ilikuwa mbovu. Nilidanganya, mwanangu, huku nikiangalia miguu yangu.

Babu hakunifokea. Alivua kofia, akaiweka gotini. Akaniuliza nilipima lini.

"Wiki iliyopita, Babu."

"Kwa hiyo ulipima betri zangu za juani, ukadhani umepima redio."

Akaendelea polepole, kama kawaida yake, mpaka unatamani amalize. "Sisi reli daraja hatukulipima kwa kiberenge, kile kigari cha watu wanne. Tulilipima kwa treni iliyojaa mzigo. Na redio hii ninayo kabla baba yako hajazaliwa. Ungeniuliza betri mpya inatoa ngapi, ningekosa jibu? Mficha uchi hazai, mjukuu wangu."

Kalisema hilo mbele ya Bibi na shangazi. Nilitamani ardhi inimeze na mita yangu.

Mpira aliusikilizia ukutani kwa jirani, amesimama nje dakika zote tisini, hataki kubisha hodi aombe kiti. Nikamwangalia mgongo wake nikaelewa kwamba haya zetu ni za ukoo, na kwamba mimi ndiye niliyemsimamisha pale.

Basi shika haya, mwanangu, ingawa najua utayashika kwa mkono mmoja. Unachomtengenezea mtu kipime kwa siku yake ya nguvu, usikipime kwa siku yake ya uchovu. Mita husema kweli, lakini ni kweli ya kile ulichoigusisha tu. Usipojua, uliza kabla moshi haujakujibu. Na ukikosea, sema umekosea. Usimsingizie asiye na mdomo. Mungu akupe macho ya kuona kilichoanikwa uani kwenu, akupe ulimi mwepesi wa kuuliza, na akuwekee wazee wa kukukaripia.

Asubuhi yake kabla ya chai nilimwambia Babu kwamba chipu haikuwa mbovu. Akasema anajua. Nikachukua chipu ya pili, ile ya mwisho, nikaenda kwa fundi redio karibu na stesheni. Wazee walikuwa wanakunywa kahawa kibarazani kwake, na mimi nikapita mara mbili nikijifanya naenda dukani. Mara ya tatu nikasimama.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti."

"Fundi, sijui kushusha volti tisa ziwe tano. Naomba unifundishe."

Wote wakageuka. Fundi akavuta kigoda kwa mguu, akaniuliza hizo tisa nimezipima kwa betri gani.

Nikafungua mfuko, nikazitoa zile mpya, zote sita, nikazipanga mbele yake.