Filta ya Kushoto

Kitu cha kwanza ninachokumbuka kuhusu zile monita ni harufu. Mwalimu wa kwaya alizileta kibandani kwangu, Tarime mjini, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa juu. Zilikuwa jozi sita, nyaya zimesokotana, akazimwaga juu ya kitambaa changu cheupe cha kazi bila hata kuuliza. Monita ni vispika vidogo ambavyo mwimbaji huvichomeka masikioni ili ajisikie mwenyewe jukwaani, ngoma na kinanda visimfunike. Hizi zilinunuliwa Mwanza zikiwa zimeshatumika, zikaja kwa basi, na hapa zikawa zinatumiwa na kwaya nzima kwa kupokezana. Kila moja ilikuwa na nta ya masikio ya watu wasiopungua watatu. Nyingine ya kahawia, nyingine nyeusi, nyingine mbichi inanata kama ulimbo, na unywele mmoja umesimama katikati.

"Mura, hizi vitu zinachoma," mwalimu alisema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Watu wakiimba, kila s ni sindano. Hebu zirekebishe."

Akaokota moja, akaitemea mate, akaipangusa kwenye shati lake, akaninyooshea. Nilimwambia aiweke tu mezani.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Babu yangu alikuja huku kutoka Tanga na cherehani yake, nasi ni Waislamu, kwa hiyo wateja wengi walidhani ni mambo ya dini na udhu. Si dini. Ndugu zangu ni Waislamu kuliko mimi, na wanakula kwa watu, wanalala kwa watu, hawana neno. Mimi ndiye niliyezaliwa hivi. Nikiona kikombe kina alama ya mdomo wa mtu, sikinywei hata kikisuguliwa kwa majivu. Halafu riziki yangu ikawekwa kwenye simu na vifaa vya masikioni, vitu ambavyo watu hulala navyo, huingia navyo chooni, na huvibandika kwenye mashavu yenye jasho.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, sikatai. Mdomoni mwa kila monita, pale sauti inapotokea, pana filta: kiduara cha wavu kidogo kuliko punje ya mtama. Wavu mzito unameza makali, sauti inatulia. Wavu mwepesi unaachia karibu kila kitu kipite. Nilikuwa nazo za rangi tatu: nyekundu inabana sana, kijani inabana kiasi, nyeupe inabana kidogo tu. Unang'oa ya zamani kwa ncha ya sindano, unasafisha tundu kwa spiriti, unabandika mpya kwa kibano chini ya lenzi yenye taa. Niliweka nyekundu kwenye jozi zote sita. Kwa siku mbili sikuweza kula maharage.

Sasa kuna jambo ambalo fundi yeyote wa sauti atanicheka. Ukishabadilisha filta unatakiwa uchomeke monita masikioni mwako, upige wimbo unaoujua, usikilize kama kushoto na kulia viko sawa. Mpishi huonja mchuzi. Mimi sikuonja hata siku moja. Nilimpa mteja achomeke mwenyewe, nikamuuliza, "Vipi?" Akisema sawa, basi ni sawa. Nilijiona mwerevu kabisa, maana nani anaijua sauti anayoitaka kuliko mwenye sikio?

Aliyerudi wa kwanza alikuwa dada anayeongoza nyimbo zao. Alikuwa ametoka upande wa Geita na kaka yake aliyefuata dhahabu, na sasa alikuwa anapika na kuuza chakula Genkuru, karibu na mgodi. Jozi moja mwalimu alikuwa amemwachia yeye peke yake, kwa sababu ndiye aliyeibeba kwaya. Sauti yake nilikuwa naijua kabla sijamjua yeye. Kanisa lao halikuwa mbali na kibanda changu, na siku za mazoezi, akianza yeye, nilikuwa naacha kibano mezani.

"Shikamoo, fundi. La kushoto limelala," alisema. "La kulia liko vizuri, la kushoto linanong'ona."

Nilitoa filta nyekundu ya kushoto. Ilikuwa imelowa. Nikaitupa haraka, macho nimeyageuzia barabarani kwenye bodaboda, nikaweka ya kijani. Akachomeka, akaimba mstari mmoja kwa sauti ndogo, akatikisa kichwa kukubali. Akaenda.

Baada ya wiki kama tatu akarudi. La kushoto limelala tena. Safari hii nilipofungua nilipigwa na harufu ya samli iliyochacha. Mafuta yalikuwa yamejaa kwenye tundu, yamechanganyika na kitu cha manjano, kimeganda pembeni.

"Dada, samli ni ya kupikia," nilimwambia. "Unapaka mpaka masikioni?"

"Jirani yangu kaniambia inasaidia," alijibu, bila kusema inasaidia nini, nami sikuuliza. Nilitaka tu kile kitu kiondoke mezani kwangu. Nikasafisha nimebana pumzi, nikaweka nyeupe. Wakati nikihangaika alinieleza kwamba kwaya inajiandaa kurekodi video, na mwalimu amemwonya. Mara mbili ametoka nje ya sauti mbele ya watu. Akitoka tena, wimbo ataongoza mwingine.

"Mimi huku sina ndugu zaidi ya kaka, fundi," alisema. "Kwaya ndiyo ukoo wangu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mashine hii inatibika.

Mara ya tatu alikuja siku ya gulio, kibanda kimejaa watu. Alisimama pembeni akisubiri, khanga ameivuta mpaka kichwani, upande mmoja umefunika shavu. Zamu yake ilipofika aliinama karibu na mimi kama mtu mwenye siri. Akaangalia ile lenzi yangu yenye taa, akafungua mdomo, kisha akaishia kunipa monita.

"Bado, fundi. Linaongea kwa mbali."

Niliifungua. Sitaki kueleza nilichokiona, lakini lazima. Filta nyeupe ilikuwa imezama ndani ya uchafu wa kijani na manjano, unanyooka kama kamasi, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichooza. Ilinigusa kidole. Kidole changu mimi. Niliruka, nikagonga kiti, na nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wauza viatu:

"Dada, tatizo si mashine. Tatizo ni hilo sikio. Nenda kaoge, usugue masikio, ndiyo uje kwa mafundi."

Watu walicheka. Tarime watu wakipata cha kucheka hawakiachi. Yeye aliivuta khanga ikafunika shavu lote. Ili aondoke haraka nilifanya kile ambacho hakuna fundi mwenye akili angekifanya: niling'oa filta, nikasafisha tundu, nikaliacha la kushoto wazi bila wavu wowote. Akachomeka, akasema nafuu. Nilinawa mikono kwa spiriti mpaka ngozi ikapauka.

Video ilirekodiwa mwezi uliofuata. Siku mbili baadaye mwalimu alikuja kibandani amevimba, jozi ile mkononi.

"Wewe umetuharibia," alisema. "Huyu dada ameimba kama anagombana na kinanda. Tumerudia mpaka watu wamechoka. Tumempa mwingine aongoze. Ulifanya nini kwenye hiki kifaa?"

Nilimwambia kifaa ni kizima. Akaniuliza kama nimekisikiliza. Nikasema mteja mwenyewe alisema sawa.

"Nimekuuliza wewe. Umekisikiliza?"

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nilizipangusa kwa spiriti mara tano, nikabadilisha vile vipira vya kuziba sikio nikaweka vipya vya kwenye pakiti, na bado mate yalijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Nikachomeka, nikapiga kaswida ninayoijua tangu utoto.

Kulia palikuwa sawa, pametulia, kama nilivyopatengeneza siku ya kwanza. Kushoto palinipiga. Ilikuwa kelele tupu, kali, inaingia mpaka kwenye jino. Nilichomoa kwa nguvu waya ukakatika. Hakuna mtu mwenye sikio zima angeweza kuivumilia ile sauti kwa wimbo mmoja, na yule dada alikuwa ameimba nayo siku nzima akiiita nafuu.

Nikaelewa papo hapo, tena nikiwa nimesimama mbele ya mwalimu. La kushoto halikuwahi kulala. Lingekuwa limelala ningelisikia siku ya kwanza kama ningelichomeka. Nilikuwa nimelifuata sikio lake linavyozama, filta baada ya filta, nikalifungulia mlango mpana zaidi kila lilipozama. Na uchafu ule ulikuwa usaha. Ninaijua nta, nimeitoa kwenye mamia ya vifaa. Nta haina kijani wala hainyooki. Nilikuwa na lenzi na taa, nikageuza uso barabarani kutazama bodaboda. Nimechukia vitu vingi maishani kwa sababu vinanuka, lakini siku ile kilichonitia kinyaa kilikuwa kimesimama ndani ya viatu vyangu.

Kesho yake nilifunga kibanda nikaenda Genkuru kumwambia aende hospitali. Nilimkuta kwenye banda lake la chakula amenipa mgongo, anageuza ugali. Nilimwita nikiwa kushoto kwake. Hakugeuka. Nikamwita tena, mteja mmoja akaacha kula kunitazama. Nilizunguka upande wa kulia ndipo akashtuka, akaniamkia. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa pamba.

Nilianza maelezo yangu marefu: filta, kulia, kushoto, sikuonja. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, sikio zima kalielekeza kwangu. Kisha akaniambia kwamba ametoka hospitali wiki ile. Ngoma ya sikio imetoboka na ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi. Daktari amesema la kushoto halitasikia tena kama zamani, na kwamba angewahi, dawa za matone zingetosha.

"Kwa nini hukwenda mapema?" nilimuuliza, na swali lilinichukiza likiwa bado mdomoni.

"Wewe ulisema mashine inatibika," alisema. "Halafu maumivu yakazidi. Siku ile ya gulio nilikuja nikuombe uniangalizie sikio kwa ile taa yako. Nikaona aibu, watu wengi."

Alichukua jagi la maji ya moto na beseni, kama anavyofanya kwa kila anayekaa kwenye benchi lake, akanisogezea ninawe. Sikuwa nimeagiza chakula. Hakuwa na hasira hata kidogo, na ningependa angekuwa nayo.

"Nilivyofika nyumbani nikafanya ulivyosema," aliendelea huku akinimiminia. "Nikachemsha maji, nikatia sabuni, nikalisugua mpaka ndani. Nikasugua mpaka damu ikatoka, nikijua sasa ndiyo limekuwa safi."

Kisha akaniuliza kama maji ni ya moto sana, akanipa sabuni.