Karibuni Chakura

Sisi watu wa Ngara, l na r kwetu ni mapacha. Ukimwita mmoja anaitika mwenzake. Mwalimu wangu wa darasa la pili, na hilo ndilo darasa langu la mwisho, alinichapa kwa ajili ya neno "chakula" mpaka fimbo ikavunjika, na kesho yake nikasema chakura. Fimbo ilishindwa. Kwa mjukuu wangu, simu iliweza.

Mjukuu huyu ni wa binti yangu. Mama yake alifariki akimwacha ananyonya, mke wangu akamlea kwa maziwa ya ng'ombe na uji, hapahapa kijijini Kanazi. Alikuwa mtoto wa kusema. Akipalilia maharage, anaongea na maharage. Alipopata simu ya kupangusa, akaanza kujirekodi jikoni kwetu: anamenya ndizi, anachochea kuni, anaeleza. Mwishoni anainua sufuria na kusema, "Karibuni chakura!" Maneno hayo ni ya mke wangu. Ndivyo alivyomkaribisha kila aliyekanyaga uani, hata mwizi wa kuku tuliyemkamata mwaka mmoja wa njaa. Alikula kwanza, ndipo akapelekwa kwa mtendaji. Akasifu na mchuzi, yule mwizi.

Basi watu wa mtandaoni wakampenda. Wakacheka na kumwiga, naye akadhani wanacheka pamoja naye. Akaenda Nyakanazi, kule kwenye njia panda ya malori, akauza chakula kibandani na kujirekodi hapohapo. Madereva wakamwita Chakura. Halafu maneno ya chini ya video yakageuka. Jirani yangu mmoja, mama mjane mwenye simu kama ile, alikuwa ananisomea: "Mkimbizi, rudi kwenu." "Mrundi huyu, nani kamruhusu kujiita Mtanzania?" Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, mtu wa mbali hawezi kuvitenga. Na hata angekuwa mkimbizi, mkimbizi hana mdomo? Tumeishi nao hapa, tumechota maji mto mmoja. Lakini mimi sina simu ya kuwajibu watu.

Mjukuu akaacha kujirekodi. Aliporudi mtandaoni alikuwa mwingine. Alikuwa anakaa hukohuko Nyakanazi kwa familia ya wenye duka, Waislamu ambao babu zao walitoka pwani, na mama wa nyumba akawa anamnyoosha ulimi. Yule mama simlaumu, alimtunza kama mwanawe. Mjukuu akajifunga mtandio, akafuta video zote za jikoni kwetu, akatangaza kwamba asili yake ni Tanga. Tanga! Bahari yenyewe hajaiona. Jirani aliponionyesha, nilitazama kama mtu anavyotazama gari la wengine likipita.

Ndipo mke wangu akaugua. Macho yalikwisha kupofuka zamani, sasa tumbo nalo likavimba, na hospitali wakatuambia tumrudishe nyumbani. Kabla ya padre, aliomba sauti ya mtoto wake, huyu mjukuu aliyemlea. Jirani akaleta simu, akafungua video mpya. Mke wangu akasikiliza kidogo.

"Huyu Mswahili ni nani?"

"Ni mjukuu wako, bibi."

"Mzime. Nileteeni mtoto wangu."

Tukatafuta ile ya chakura. Haikuwepo. Mimi nilidhani kitu kikiingia kwenye simu kimeingia, kama ubatizo. Kumbe kinafutika.

Nikaenda Nyakanazi kumchukua. Nilimkuta kibandani, simu imesimamishwa mbele yake, anaongea laivu na watu wasioonekana. Mimi sikujua laivu ni nini. Nikapaza sauti kwa lugha yetu, salamu yetu ya mchana: "Wiriwe, mwana wanje!" Yaani mwanangu.

Akashtuka. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Shikamoo mzee," akasema kwa ulimi wa dukani. Mzee. Siyo babu. "Keti hapo, utahudumiwa." Kisha akaigeukia simu akitabasamu. "Jamani, wateja wetu wengine ndio hawa, wakimbizi, masikini. Sisi tunahudumia wote."

Nikakaa. Nikaletewa wali na maharage, na nilikula, njaa haina aibu. Alipoizima simu akaja akapiga magoti kwenye vumbi, kucha zake ndefu za kubandika zimeshika goti langu.

"Babu, walikuwa wengi wanatazama."

"Bibi yako anakufa. Anataka kusikia sauti yako."

"Ipi?" akauliza.

Hakuniuliza kwa dharau. Nikamwambia afunge kibanda.

Tulifika nyumbani, akaketi kitandani kwa bibi yake, akamsalimu kwa Kihangaza. Lakini hata Kihangaza chake kilikuwa kimevaa viatu. Mke wangu akanyoosha mkono, akapapasa nywele za bandia, akashuka mpaka kwenye zile kucha.

"Mkono huu haujui jembe. Mama, umetoka wapi?"

"Bibi, ni mimi."

"Mtoto wangu akija husema karibuni. Sema."

"Karibuni chakula," akasema. Ilitoka safi, imenyooka, ulimi ukimponyoka kwa mazoea. Akajishika mdomo. Akarudia upesi, "Chakura! Karibuni chakura, bibi!"

Mke wangu akauondoa mkono wake taratibu.

"Usitucheke, mama," akasema. "Sisi ndivyo tunavyosema. Kama umekuja kununua ndizi, ongea na mzee."

Akageukia ukutani. Mjukuu alirudia neno lile, akalirudia tena, na kila mara lilizidi kufanana na la wale waliomdhihaki mtandaoni. Nikamwambia anyamaze. Mke wangu alifariki bila kumwita tena.

Pale kaburini mjukuu alilia kilio cha kwetu, kile cha kuvuta kutoka chini ya tumbo, mpaka bibi vizee wakainua vichwa: huyu ni wa mji huu. Mmoja wa waombolezaji akakirekodi na kukitupa mtandaoni. Nilimkuta mjukuu nyuma ya jiko na simu yake.

"Wanasemaje?"

"Kumbe mkimbizi kweli. Nirudi kwetu."

"Si umerudi?"

Akaizima simu.

Siku ya kumaliza matanga ndizi zikaiva. Kwetu chakula cha msiba hakiguswi mpaka mwanamke wa nyumba asimame mlangoni akaribishe, na mwanamke wa nyumba hii sasa alikuwa yeye. Akasimama na sufuria. Watu wakangoja. Akafungua mdomo, nikaona ulimi unatafuta pa kukanyaga, hapa hapataki, pale hapataki. Akaufunga. Mvuke ukampiga usoni.

Nikainuka nikakaribisha mimi. Watu wakanawa.